Koki Mbili kwenye Bomba Moja

Philias Bolduc alitumia kompyuta akiwa amesimama. Aliinama juu ya meza ya jikoni, mkono mmoja kwenye kipanya, mwingine umeshika kiuno, na kiti kiko hapo hapo mbele yake, kitupu, na mto wake wa maua. Kiti kilikuwa cha Huguette, mkewe. Tangu azikwe mwezi wa Novemba hakuna aliyekikalia, na Philias hakuwa mtu wa kuanza.

Asubuhi hiyo ya Machi aliinama muda mrefu, kisha akasema neno la kanisani.

"Tabernakulo."

Watu wa Beauce, bonde lao hilo la theluji, hasira zikiwapanda hutaja vyombo vya altare, na Huguette alikuwa amepiga marufuku jambo hilo jikoni kwake. Philias aliangalia mlango kama mtu aliyefumaniwa. Hakukuwa na mtu. Akalirudia, safari hii kwa sauti.

Kwenye kioo, mistari yote ilikuwa ya kijivu.

Mistari hiyo ndiyo msitu wake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mlima wa miti ya sukari, kila mti umetobolewa na kuchomekwa kijibomba. Vijibomba vinaingia kwenye mabomba, mabomba yanateremka hadi bandani, huko pampu inavuta, na maji ya miti yanachemshwa mpaka yawe shira. Kindi akitafuna bomba, hewa inaingia, mvuto unashuka, maji hayaji. Zamani mtu alizunguka mlima mzima akitega sikio, asikie hewa inafyonza wapi. Siku hizi kulikuwa na vipimo vilivyofungwa kwenye mabomba, vikituma habari nyumbani. Mstari mzima unakuwa kijani. Wenye tundu unakuwa mwekundu. Kijivu maana yake hakuna habari.

Huguette ndiye aliyevitaka vipimo hivyo, magoti ya Philias yalipoanza kugoma. Majira ya shira yakifika, alikaa kwenye kiti chake na redio ya mkononi, na Philias alikwenda msituni na nyingine. "Mstari wa jiwe kubwa, Philias." Basi, hayo tu. Philias anakwenda, anakata, anaunga. "Imepanda," anasema Huguette mvuto ukikaa sawa, na Philias anarudi kula supu ya njegere. Philias alikuwa miguu, Huguette alikuwa macho.

Kusoma pia kulikuwa kwa Huguette. Philias alitolewa shule angali mdogo, baba yake alipoangukiwa na mti, akapewa farasi na ndoo. Alijua kuandika jina lake. Maneno mengine aliyatambua kama mtu anavyotambua ng'ombe wa jirani, kwa umbo.

Alichukua simu ya ukutani, akampigia binti yake Josiane, aliyekuwa akifanya kazi ofisini kule Lévis.

"Kompyuta yako imekufa," alisema.

"Habari za asubuhi, Baba. Imezima?"

"Haijazima. Inanitazama tu. Mistari yote ya kijivu."

Philias alijua binti yake anafikiria nini. Mwaka jana alikuwa ameteleza kwenye theluji juu kule mlimani, na asingeokotwa mapema kama Huguette asingeshangaa redio ilivyokaa kimya. Baada ya mazishi Josiane aliweka sharti: mistari ikionekana kwenye kompyuta, na mtu akajua baba yake yuko wapi, abaki na msitu wake. Ikiwa ni kuzunguka huko juu peke yake na magoti yale, msitu ukodishwe vijana wa Lessard, walioutaka siku nyingi.

"Baba, tulikubaliana," alisema.

"Sijasahau tulichokubaliana. Nakuambia kompyuta imegoma, wewe unanipeleka kwa Lessard."

"Sawa, sawa. Programu yenyewe inafunguka?"

"Inafunguka. Haioni."

"Basi ni ukuta wa moto."

"Ukuta wa moto ninao mmoja, wa matofali, nyuma ya tanuri. Hauna tatizo."

"Huo ni mwingine, Baba. Uko ndani ya kompyuta. Uchukulie kama bawabu. Kila kinachotaka kuingia au kutoka, anaangalia sheria zake: huyu apite, huyu asipite."

"Nani kampa kazi?"

"Alikuja na kompyuta."

"Mfukuze."

"Baba! Huyo ndiye anayezuia wezi. Sikiliza. Vipimo vyako viko msituni vinabisha hodi. Bawabu hafungui. Mtu akuongezee sheria ya kuruhusu. Mwite Réjean."

Réjean Veilleux alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara. Aliendesha basi la shule maisha yake yote, na kwa kuwa alikuwa na wajukuu wengi alijihesabu kuwa anajua kompyuta. Alikuja na buti zimejaa theluji, akavuta kiti cha Huguette.

"Simama," alisema Philias.

"Kiti kina nini?"

"Kimechoka."

Réjean alimtazama, akakirudisha kiti mahali pake taratibu. Wakainama wawili juu ya meza kama watu wanaotafuta sindano.

"Tuone kwanza kama kweli ni ukuta," alisema Réjean. "Nauzima wote."

Akabonyeza mara mbili tatu. Mistari ikaamka. Kijani, kijani, kijani, kushuka mlima mzima, na kila mmoja ukatoa jina lake pembeni, kwani Huguette aliipa mistari majina ya watu wa ukoo kulingana na tabia zao. Mmoja tu, ule mrefu unaopanda hadi kileleni, ulikuwa mwekundu. Réjean alisogeza miwani, akasoma, akacheka mpaka akashika meza.

"Clémence! Shemeji yako anavuja, Mzee!"

"Kila mwaka anavuja," alisema Philias. Moyo wake ulikuwa umepanda pamoja na mistari. Kisha kidirisha kikubwa chekundu kikajitokeza katikati ya kioo.

"Hicho kinasema nini?"

"Kinasema huna ulinzi. Achana nacho. Inafanya kazi, si ndiyo ulichotaka?"

Philias alimkumbuka Ovila, mzee wa kule darajani. Mtu mwenye sauti tamu alimpigia simu, akaingia kwenye kompyuta yake, akatoka na akiba yake yote. Huguette hakulala vizuri wiki nzima kwa sababu ya Ovila. Mambo yao ya benki, pensheni na ushirika wa shira yalikuwa humo humo.

"Washa ukuta," alisema.

"Mzee, inafanya kazi!"

"Nyumba isiyo na mlango nayo inaingilika vizuri sana. Washa."

Réjean akawasha. Mistari ikarudi kijivu. Akaenda kwenye orodha ya sheria, akaandika sheria mpya: programu ya msitu, ruhusu. Kijivu. Akaandika ya pili, akaruhusu kila kitu, kila mahali. Kijivu. Ya tatu akaiandika huku anapumua kwa pua.

"Umeandika sawasawa?" aliuliza Philias.

"Nimeandika."

"Soma."

"Ruhusu. Ruhusu. Ruhusu. Unataka niimbe?"

"Nataka iruhusu!"

"Basi mwambie mwenyewe, labda wewe atakusikia! Mimi niliendesha basi, Mzee, sikuzaliwa ndani ya kompyuta. Uzime ukuta wako ukapike shira." Akavaa kofia, akatoka. Akarudi kuchukua glavu zake, akatoka tena.

Nje jua lilikuwa limeanza kulainisha theluji juu ya paa. Matone yalidondoka. Usiku baridi, mchana joto: ndivyo miti inavyotaka. Maji yangeanza kushuka wakati wowote, na mistari ilikuwa imelala.

Philias akafikiri kwa njia anayoijua. Bandani, mabomba yote yanaingia kwenye bomba kuu, na kila moja lina koki yake. Ukitafuta tundu usilojua liko wapi, unafunga koki zote, kisha unafungua moja moja huku unaangalia geji. Geji ikianguka, umempata mwizi. Hakuna mpika shira wa Beauce asiyefanya hivyo. Baba yake angefanya hivyo kama angekuwa na koki.

Akarudi pale Réjean alipokuwa amepita. Palikuwa na kinachoingia na kinachotoka, hayo Réjean alimwonyesha, na palikuwa na neno fupi alilolijua kwa umbo: zuia. Akazuia kinachoingia. Akazuia kinachotoka. Akajisikia vizuri kidogo, kama mtu aliyefunga koki ya mwisho.

Kisha akataka kufungua moja moja. Orodha ikaja. Ilikuwa ndefu kuliko litania ya watakatifu, jina juu ya jina, na hakuna hata moja alilolijua kwa sura. Alifungua moja. Alifungua lingine. Alifunga la kwanza, au alidhani ni la kwanza. Kijivu. Picha ya hali ya hewa iliyokuwa kwenye pembe ya kioo ikapotea. Akajaribu misa ya kanisa kuu, ile wanayoirusha kwenye intaneti. Padri hakutokea.

"Hata padri!" Philias aliiambia kompyuta. "Hata padri umemfungia nje, hostia wewe!"

Akaenda bandani kupasua kuni. Kuni hazina maandishi.

Sasa Josiane alikuwa na desturi ya kupiga kwa video kila mchana, saa yake ya chakula, amwone baba yake uso. Mchana huo alipiga, uso haukuja. Akapiga simu ya ukutani. Ikalia jikoni, ikachoka. Akamfikiria baba yake mlimani kwenye theluji. Akampigia mama yake mdogo, Clémence, aliyekaa kijijini.

Philias hakumsikia akija. Alisikia sauti tu, nyuma yake, mlangoni pa banda.

"Philias! U hai?"

Shoka likamponyoka. Sauti ilikuwa ya Huguette. Haikuwa ya kufanana nayo, ilikuwa ile ile, na mkwaruzo wake mdogo mwishoni. Akasimama hivyo hivyo akitazama kuni, mpaka alipokumbuka ni ya nani mwingine. Kwa sababu ya sauti hiyo hakuwa amemkaribisha Clémence ndani tangu mazishi. Kila alipokuja, Philias alifungua mlango nusu, akapokea sufuria, akasema asante, akafunga.

"Niko hai," alisema.

"Basi mpigie mwanao, analia ofisini mbele za watu. Na hilo shoka? Unapigana na nani?"

"Na kompyuta."

"Kwa shoka?"

"Bado sijafika huko."

Clémence alikuwa mwanamke mfupi aliyefanya kazi kituo cha simu mpaka kikafungwa, akazoea kukatiza watu. Alikuwa na sufuria ya maharagwe kwapani. "Leo sitaki asante ya mlangoni," alisema. "Miguu yangu imeganda. Nenda mbele."

Jikoni alimpigia Josiane kwa simu ya ukutani, akamwambia baba yake mzima ila amenuna. Akaweka maharagwe juu ya jiko. Akavua koti. Akavuta kiti chenye mto wa maua, akakaa.

Philias alifungua mdomo.

"Nini?"

"Hakuna."

"Ni kiti cha dada yangu, najua. Mto nilishona mimi. Nimekuja kukaa, shemeji, sikuja kukipiga picha. Haya, hii mashine ina nini?"

Philias akamweleza kwa maneno machache: mistari, bawabu, Réjean, Lessard. Clémence alivaa miwani iliyoning'inia shingoni, akaanza kusoma kwa sauti. Philias akageuka dirishani. Kumsikia ilikuwa kazi. Kutomsikia pia.

"Kinachoingia: zuia chote. Kinachotoka: zuia chote." Akainua kichwa. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi. Ndivyo tunavyotafuta tundu."

"Kwenye bomba!"

"Bomba ni bomba."

"Umemfungia mwanao nje, umefunga hali ya hewa, umefunga benki. Hata moshi ungetoka kwa kompyuta ungeufunga." Akarudisha alivyokuta kumeandikwa kuwa ni kawaida. Picha ya hali ya hewa ikarudi pembeni: jua, na baridi usiku. "Sasa hii orodha. Yesu wangu, ina mwisho?"

"Tafuta msitu."

Clémence alishuka orodha kwa kidole. Alisoma majina ambayo Philias hakuwahi kuyasikia, moja baada ya jingine, mpaka akafika. "Msitu. Ya kijani, ruhusu. Ya kijani, ruhusu. Ya kijani, ruhusu."

"Hizo za Réjean."

"Na hii nyekundu ya nani?"

"Nyekundu ipi?"

"Juu yake. Msitu, ile ile programu. Zuia."

Philias akageuka kutoka dirishani. "Mimi sijaandika kitu leo. Nimefunga zile kubwa tu."

"Si ya leo, basi. Haijiandiki yenyewe, shemeji. Soma hapa." Akakumbuka kuwa hasomi, akaendelea haraka. "Inasema, programu ikitaka kupokea kitu kutoka nje mara ya kwanza, kompyuta inakuuliza. Ukikataa, inaandika katazo. Ilikuuliza, ukakataa."

"Haijaniuliza..."

Ilikuwa imemuuliza.

Ilikuwa Novemba. Huguette alikuwa hospitali, na Philias alirudi nyumbani mara moja kuchochea jiko, mabomba ya maji yasigande. Kompyuta ilikuwa imejiwasha upya yenyewe, ikajisasisha kama inavyopenda, na katikati ya kioo kulikuwa na kidirisha kinachosubiri jibu. Siku hiyo hiyo, kitandani, Huguette alikuwa amemshika mkono wa koti. Alikuwa na wasiwasi na nyumba. Maji yasigande. Paka alishwe. Na kompyuta ikikuuliza kitu usichokijua, Philias, kataa. Bonyeza neno fupi. Aliogopa Ovila wa pili.

Philias akatafuta neno fupi, akabonyeza. Hakutaka kujua kilichoulizwa. Alirudi hospitali akamwambia, "Nimekataa," na Huguette akasema, "Vizuri." Kuhusu nyumba hakumwagiza tena.

"Yeye ndiye aliyeniambia," alisema. Akamweleza Clémence, si yote. Koti, neno fupi, basi.

Clémence alivua miwani, akaifuta kwa fulana yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kitu usichokijua, alisema hivyo?"

"Ndiyo."

"Msitu wako huujui?"

"Sikujua kinauliza msitu! Mimi nasoma? Niliona kidirisha, nikatii!"

"Usinifokee."

"Sikufokei wewe!"

"Basi fokea upande mwingine, niko hapa karibu." Akarudisha miwani. "Kinachonishinda ni hiki. Réjean karuhusu mara tatu. Moja imezuia, tatu zimeruhusu. Tatu zinashindwaje na moja?" Akasogeza kipanya, akasoma maandishi madogo kwa shida. "Hapa. Inasema programu ikiwa na katazo na ruhusa kwa pamoja, katazo ndilo linalofuatwa. Ruhusa hazihesabiwi."

"Soma tena."

Akasoma tena.

Philias alisimama katikati ya jikoni, mikono imening'inia. "Koki mbili kwenye bomba moja," alisema.

"Koki gani sasa?"

"Ya juu na ya chini. Réjean kafungua ya juu. Kaifungua tena. Kaifungua tena, punda yule, na mimi nimesimama namwambia afungue. Ya chini imefungwa siku zote. Maji yatapita wapi?"

"Koki zako sizijui. Nachojua ni kwamba hii nyekundu iondoke."

Philias akaficha mikono mfukoni.

Clémence alimtazama, akasukuma kipanya hadi ukingo wa meza, upande wake. "Wewe ndiye uliyebonyeza. Bonyeza."

"Alisema nikatae."

"Alisema usichokijua. Dada yangu hajawahi kukuambia uufungie nje msitu wako. Angekusikia angekuchapa na mwiko."

Kweli angemchapa. Philias akainama, akashika kipanya. Clémence akamwonyesha. Akabonyeza.

"Inauliza una hakika."

"Inauliza sana, hii."

Akabonyeza. Wakatazama mistari pamoja. Kijivu.

"Kalisi ya..."

"Philias."

Ni jina tu, lakini kwa sauti ile, jikoni mle. "Samahani," alisema Philias, na aliyemwambia hakuwa Clémence.

"Ipo nyingine," alisema Clémence, pua karibu iguse kioo. "Nyekundu ya pili, imejificha juu kidogo. Jina lile lile. Inaandika makatazo mawili mawili, mchawi huyu!"

Philias akabonyeza. Una hakika. Akabonyeza tena.

Mstari wa kwanza ukaamka. Kisha wa pili. Kisha mlima mzima, kijani kushuka hadi bandani, na ukuta bado umewaka, na hakuna kidirisha chekundu katikati ya kioo. Philias alishika ukingo wa meza.

"Usifurahi bado," alisema Clémence. "Réjean kafungua kila mahali. Hapa inauliza: mtandao wa nyumbani, au mtandao wa watu wote."

"Nyumbani tu. Kwa watu wote funga. Asije mtu kupitia hapo."

"Na ruhusa tatu za nini?"

"Acha moja. Bomba moja, koki moja."

Clémence akafuta mbili, iliyobaki akaifunga kwa watu wote. Mistari ikabaki kijani. Akaegemea kiti, akaridhika, akaanza kusoma majina pembeni. "Padri Adélard, kijani. Haya, hajawahi kumsumbua mtu. Shangazi Blandine, kijani..." Akasimama. "Na huu mwekundu?"

Philias alikwenda kutafuta viatu vyake vya theluji.

"Philias Bolduc. Huu mwekundu una jina langu."

"Majina alitoa Huguette."

"Kwa nini mimi?"

"Unavuja kila mwaka."

"Navuja!"

"Na unapanda mpaka kileleni, na ukianza hunyamazi. Alisema yeye, si mimi."

Clémence akacheka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, akashika mto wa maua chini yake kwa mikono miwili, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine. Philias alisimama na kiatu kimoja mguuni. Hakujua la kufanya. Akachukua redio ya pili kwenye rafu, akapangusa vumbi, akaiweka mezani mbele yake.

"Hiki ukibonyeza unaongea," alisema. "Ukiachia unasikia."

"Nilifanya kazi ya simu maisha yangu yote, shemeji."

"Basi unajua."

Theluji ilikuwa laini, na goti la kushoto lilimlalamikia tangu mti wa kwanza. Alifuata bomba kwenda juu, akilipapasa kwa glavu. Chini kule pampu ilinguruma. Maji yalikuwa yameanza: aliyaona yakitembea ndani ya mabomba ya mistari mingine, mapovu madogo yakikimbizana kushuka. Kwenye bomba la Clémence yalisimama.

Redio ikakwaruza kifuani.

"Philias. Bado mwekundu. Uko wapi?"

Akasimama. Theluji ilidondoka kutoka tawini, donge zima. Alishika redio, akabonyeza, akaachia.

"Philias? Unanisikia? Josiane yuko kwenye video hapa, anataka kujua uko wapi. Usinifanye nivae buti."

"Nasikia."

"Basi jibu! Uko wapi?"

"Jiwe kubwa. Napanda."

Akapanda. Karibu na kilele aliliona: meno ya kindi, tundu dogo, na hewa ikifyonza kama mtoto anayenyonya. Akakata kipande, akachomeka kiungo, akabana. Mikono ilikuwa bado inajua. Akasubiri, redio karibu na sikio, kama alivyozoea.

"Imekuwa kijani," alisema Clémence.

Philias hakusogea. Alisubiri bado.

"Philias? Nimesema imekuwa kijani. Unasubiri nini?"

"Hapa tunasema imepanda."

Pampu ilinguruma chini. Ndani ya bomba, mbele ya macho yake, povu la kwanza likatikisika, likaanza safari.

"Imepanda, Philias."

"Haya," alisema, na akaweka koleo mfukoni.

Alikuwa hajafika hata kwenye jiwe kubwa, redio ikakwaruza tena. "Na Shangazi Blandine ameanza kuwa wa manjano. Hiyo ni mbaya?"

"Tabernakulo," alisema Philias kabla ya kubonyeza. Kisha akabonyeza. "Nakuja. Nina miguu miwili tu."

"Na Josiane anasema atawaambia vijana wa Lessard watafute msitu mwingine, ikiwa kutakuwa na mtu kwenye kiti hiki kila siku mpaka miti ichipue."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia mwenye nyumba hajanikaribisha."

Philias aligeuka kulifuata bomba la Blandine. Alikwenda hatua kadhaa kabla hajaiinua redio.

"Karibu," alisema. "Na ukoroge hayo maharagwe, yanaungua."